Ndoano Iliyofungwa kwa Waya

Zamda alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha winchi katika ghala moja la mkonge mjini Korogwe. Kila asubuhi alipika uji, akamtayarisha mwanawe Hiza kwa ajili ya shule, kisha akavaa buti zake za kazi. Mumewe, Sharifu, alikuwa fundi wa pikipiki. Alijivunia kazi ya mkewe. Wateja wakija kwenye kibanda chake, hakuacha kuwaambia.

"Mke wangu ananyanyua robota la mkonge la kilo mia mbili na hamsini kwa kidole kimoja."

Hakuwa anadanganya. Winchi ile ilikuwa ya umeme. Ilitembea juu ya reli ya chuma karibu na paa. Mnyororo wake ulishuka chini, na mwisho wa mnyororo palikuwa na ndoano. Wapakiaji walifunga robota kwa mkanda mpana, wakaupachika mkanda kwenye ndoano. Zamda alibonyeza kitufe, mzigo ukapanda. Alibonyeza kingine, mzigo ukaenda mpaka juu ya lori. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wanaume sita, na jioni wote walishika viuno.

Mpakiaji aliyeelewana naye kuliko wote alikuwa Lekakeny. Huyu alikuwa Mmasai kutoka Handeni. Ukame ulimwulia ng'ombe wengi, akaja Korogwe kutafuta kibarua. Mkewe Namelok na watoto walibaki nyumbani na ng'ombe wachache waliosalia. Lekakeny alikuwa mtu wa maneno machache. Wenzake walipomtania Zamda, yeye hakucheka.

Nao walimtania sana.

"Leo tutamaliza kesho," mmoja angesema. "Winchi ya mama inatambaa kama kinyonga."

Zamda alicheka nao. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Akaanza kufanya haraka.

Mdomo wa ndoano ulikuwa na kibati kidogo chenye springi. Kazi yake ilikuwa kuufunga mdomo ili mkanda usichomoke. Mwezi wa tatu kibati kile kilivunjika. Zamda alimwonyesha msimamizi wao, Fabiani.

"Ni kitu kidogo," Fabiani alisema. "Tufunge waya kwanza. Kipuri tutaagiza."

Alizungusha waya mwembamba kwenye mdomo wa ndoano. Waya ulikatika baada ya siku mbili. Wakafunga mwingine. Wiki ya tatu ikapita hivyo, na kipuri hakikuagizwa.

Ikaja Alhamisi moja ya mvua. Malori matatu yalipanga foleni nje. Madereva walitaka kuwahi Tanga kabla barabara haijaharibika. Saa nne asubuhi Zamda aliinua macho, akaona ndoano haina waya. Ulikuwa umekatika tena.

Alijua anachotakiwa kufanya. Alitakiwa kusimamisha kazi na kumwita Fabiani. Akawatazama wapakiaji, akayatazama malori. Akawaza, "Wataanza tena maneno yao. Ngoja nimalize lori hili."

Robota lililofuata lilikuwa kwenye kona, mbali na reli. Mnyororo haukuweza kushuka wima juu yake. Ilibidi wavute kwa upande.

"Lekakeny!" Fabiani aliita. "Lishike lisiyumbe!"

Lekakeny akaenda, akaweka mikono juu ya robota. Zamda akabonyeza kitufe. Mnyororo ukakazika kwa mshazari. Robota likaburuzika, likapanda juu ya marobota mengine, likakwama. Kwa muda mfupi mkanda ukalegea. Hapo ndipo ulipochomoka kwenye ndoano.

Robota likaporomoka. Lekakeny aliruka nyuma, lakini mguu wake wa kushoto haukuwahi.

Wanaume wanane walilisukuma robota kwa mikono. Lekakeny hakupiga kelele. Alimtazama Zamda tu, kama mtu anayeuliza kitu. Kisha akazimia.

Mchana ule mwenye ghala alikuja. Fabiani alizungumza wa kwanza.

"Aliingia kwenye mzigo mwenyewe, mzee. Tumemkataza mara nyingi. Hasikii."

Mwenye ghala akamgeukia Zamda. "Ni kweli, mama?"

 Zamda alimwona Fabiani akimkazia macho.

"Ndiyo," alisema.

Neno hilo moja likaandikwa kwenye taarifa ya ajali.

Jioni alimweleza mumewe kila kitu.

"Ukisema ulijua kwamba ndoano ni mbovu, watakufukuza," Sharifu alisema. "Hiza anasoma. Nyamaza, mke wangu. Yule atapona."

Lakini Lekakeny hakupona hivyo. Mfupa ulikuwa umesagika. Siku ya tatu madaktari walimkata mguu chini ya goti.

Zamda alikwenda hospitali Jumapili, na machungwa kwenye mfuko. Namelok alikuwa amefika kutoka Handeni. Alikaa kando ya kitanda, shuka lake limefunika mabega. Lekakeny alikuwa amedhoofika. Alipomwona Zamda, alijaribu kuketi.

"Mama Hiza, nisamehe," alisema.

Zamda alishtuka. "Nikusamehe nini?"

"Nimekuharibia kazi. Wameniambia niliingia kwenye mzigo bila kuambiwa. Mimi sikumbuki vizuri. Nakumbuka mvua tu. Lakini kama wewe umesema, basi ni kweli. Wewe si mtu wa uongo."

Zamda alitaka kusema ukweli. Badala yake aliweka machungwa mezani, akaaga. Nje, karibu na bomba la maji, aliegemea ukuta na kulia mpaka muuguzi mmoja akaja kumwuliza kama amefiwa.

Kazi ghalani ilikuwa imeanza tena. Ndoano ilikuwa ile ile. Fabiani alikuwa ameifunga waya mpya, mnene kidogo kuliko wa kwanza.

Jumanne iliyofuata alikuja fundi wa umeme kutoka Hale. Jina lake Filomena. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele fupi na begi zito la vifaa. Alizima swichi kubwa ya winchi, akaifunga kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Ndipo akapanda ngazi.

"Mbona umefunga kwa kufuli, fundi?" Zamda aliuliza.

"Ili mtu asiwashe wakati mikono yangu iko ndani. Ukiangalia mashine ya umeme, kwanza iondoe kwenye umeme."

Alikagua nyaya, breki na mnyororo. Kisha akashuka, akaishika ndoano. Akauona waya.

"Hii nini?"

"Ni waya tu," Zamda alisema.

"Nimesoma taarifa yenu," Filomena alisema. "Inasema mtu alijiingiza mwenyewe kwenye mzigo. Ndiyo maana nimeitwa kuangalia umeme tu. Umeme wenu ni mzima. Ningesaini niende zangu. Lakini waya huu una hadithi yake. Wewe ndiye unayeendesha?"

"Ndiyo."

"Siku ile kibati kilikuwepo?"

Zamda alitazama pale chini, kwenye sakafu iliyooshwa damu.

"Hakikuwepo," alisema kwa sauti ndogo. "Hata waya haukuwepo. Niliona. Niliona kabla sijabonyeza kitufe."

Akamweleza yote. Kona, mnyororo wa mshazari, amri ya Fabiani, mguu wa Lekakeny. Neno lake moja mbele ya mwenye ghala.

Filomena hakumgombeza. Aliketi juu ya robota, akamwonyesha nafasi ya kukaa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Winchi hunyanyua kwenda juu moja kwa moja. Haikutengenezwa kuburuza. Ukiivuta kwa upande, mzigo unabembea, au unakwama na mkanda unalegea. Mkanda ukilegea, hicho kibati ndicho kinachoushika. Waya hauwezi. Robota likiwa kwenye kona, lisogezeni kwanza kwa toroli mpaka chini ya reli."

"Na mtu wa kulishika lisiyumbe?"

"Haliguswi kwa mkono. Funga kamba ndefu kwenye mzigo. Mtu aiongoze akiwa mbali. Mzigo ukiwa hewani, mtu asipite chini yake wala asisimame karibu. Hata mwenye ghala. Akiingia, wewe unasimamisha."

"Wakinicheka?"

"Watacheka. Kitufe kiko mkononi mwako, si mwao." "Lakini kuna jambo lingine baya zaidi. Nyinyi mmeandika kwamba kosa ni la mtu. Kosa likiwa la mtu, hakuna anayetengeneza mashine. Mmeona wenyewe. Mguu umekatwa, na ndoano bado ina waya. Mguu wa nani unafuata?"

Zamda alifunika uso kwa mikono.

Mchana huo huo alikwenda na Filomena kwa mwenye ghala. Alisema yote, na taarifa ikaandikwa upya. Fabiani alikana mwanzoni. Alipoonyeshwa waya, akainamisha kichwa. Aliondolewa kwenye usimamizi. Zamda alipewa barua ya onyo, akasimamishwa kazi mwezi mmoja mpaka apate mafunzo. Filomena ndiye aliyemfundisha.

Lakini kabla ya mafunzo alikwenda hospitali. Safari hii hakubeba kitu.

"Lekakeny," alisema, "hukujiingiza. Uliitwa. Na mimi niliona kwamba ndoano haifungi, nikabonyeza. Nikadanganya baadaye. Kosa halikuwa lako."

Lekakeny alitazama dari. Namelok alikuwa anamwekea mto mgongoni. Akasimama taratibu.

"Siku zote hizi," Namelok alisema, "mume wangu anajilaumu hapa kitandani. Halali. Anasema ni mjinga, ameponza watoto. Na wewe ulikuja, ukaweka machungwa, ukaondoka."

"Ndiyo, mama."

"Toka."

Zamda akatoka.

Mwezi ulipokwisha alirudi kazini. Ndoano ilikuwa mpya, na kibati chake kilifunga vizuri. Sakafuni palikuwa na mstari wa rangi ya njano, na winchi ikifanya kazi hakuna aliyeuvuka. Kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza, Zamda alikagua ndoano, mkanda na mnyororo. Alijaribu vitufe bila mzigo. Alijaribu kile chekundu cha kusimamisha. Kisha aliandika kwenye daftari na kuweka sahihi.

Siku moja alikuta mkanda umechanika pembeni, nyuzi zimetoka. Lori lilikuwa limeshaingia.

"Leo hatuanzi," alisema. "Mpaka uletwe mkanda mwingine."

Dereva akateremka kwa hasira. "Mkanda huo si mzima? Umechanika kidogo tu! Ndiyo maana kazi hizi hazitaki wanawake!"

Wapakiaji wakamtazama Zamda. Yeye alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli.

"Tutasubiri," alisema.

Walisubiri saa mbili. Dereva alilalamika muda wote. Wapakiaji hawakucheka hata mmoja. Wa kwanza kukaa chini, nyuma ya mstari wa njano, alikuwa yule aliyemwita kinyonga.

Mwaka mzima ulipita, na katika ghala lile hakuumia mtu. Mwenye ghala alimtaka Lekakeny arudi, afanye kazi ya kuongoza mizigo kwa ishara akiwa ameketi. Lekakeny alikataa. Alisema hawezi kusikia tena sauti ya mnyororo ule.

Baada ya mavuno Zamda na Sharifu walipanda pikipiki kwenda Handeni. Walipita Kwedizinga, wakaacha lami, wakaingia kwenye tambarare kavu. Walimkuta Lekakeny ameketi nje ya boma, magongo mawili pembeni yake. Alipokea salamu zao. Sharifu alitaka kuomba radhi kwa lile neno lake la "nyamaza". Alianza, akashindwa kumaliza.

Lekakeny aliuliza, "Siku hizi kuna anayesimama karibu na mzigo?"

"Hakuna," Zamda alisema. "Hakuna tena."

"Vizuri."

Jua lilikuwa linashuka. Kwa mbali vumbi liliinuka, na ndani ya vumbi akaonekana Namelok na fimbo begani, akiswaga ng'ombe. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Alipofika alimwona Zamda, akasimama. Hakumsalimu. Hakumfukuza pia.

Ndama walianza kutawanyika. Lekakeny alinyoosha mkono kuchukua magongo, lakini ndama walikuwa wepesi kuliko yeye.

"Shika mlango," Namelok alimwambia Zamda.

Zamda alikuwa Mzigua, mtu wa jembe, hakuzoea ng'ombe. Alilishika tawi kubwa la miiba lililokuwa mlango wa boma, akalivuta pembeni. Miiba ilimchoma viganjani. Aliendelea kulishika, ng'ombe wakipita karibu kabisa na magoti yake, mpaka ndama wa mwisho akaingia.