Aliniambia "Futa", Mimi Nikasikia "Vuta"

Nyundo ilikuwa yangu mwenyewe. Ile ndogo ya kupigia misumari ya rafu.

Wangila alikuwa ameishika mkono wa kulia. Na wa kushoto alikuwa amebana mkono wangu juu ya meza, vidole vimetandazwa.

"Si nilikuambia ufute?"

Akagonga kidole cha mwisho...

Jamani, nilisikia mfupa wangu ukilia kabla mimi mwenyewe sijalia.

Najua mshaanza kusema ni mambo ya mapenzi. Ata! Ni mambo ya laptop. Sikilizeni.

Naitwa Jelagat. Nauza na kutengeneza laptop hapa Kitale, barabara ya kwenda Kipsongo. Wangila ana hardware kule Kanduyi, Bungoma. Mwezi uliopita alikuja na laptop imejaa mpaka ukiiwasha unaweza kuchemsha chai, unywe, na bado haijawaka.

"Ni kamera za duka zimeijaza," akasema. "Nataka mashine ya biashara. Hiyo inang'aa."

"Boss, wachana na kung'aa. Hiyo ni ya vijana wa game. Wewe unataka kibodi ngumu, betri ya kukaa, na RAM gigi kumi na sita."

Nikamtolea nyeusi moja, used ya ng'ambo, haina madoido. Nikafungua mfuniko wa chini aone mwenyewe. Ilikuwa na SSD, yaani disk ya kuhifadhia, ya gigi 256. Nikaing'oa, nikaweka ya terabyte moja, nikamwonyesha na nafasi ya pili, siku ingine akitaka kuongeza.

Alifurahi sana, bana. Ikabaki tu nimalizie, nimtumie Bungoma.

Akiwa mlangoni akageuka.

"Na hiyo disk ya samani, ya laptop niliyokuja nayo, futa kila kitu. Hii mpya ni Nakhungu atatumia."

Nakhungu ni mke wake.

Sasa mimi nimekaa na Wabukusu, nawajua. V kwao ni F. Vitu ni fitu, na zamani ni samani. Mwaka jana mwalimu mmoja wa Chwele aliniambia hivyo hivyo, futa, nami nikafuta. Kumbe alitaka nivute picha za marehemu mamake nizihamishe kwa disk mpya. Yule mzee alilia hapa kwangu mpaka nikafunga duka mapema. Nikaapa sitarudia hiyo makosa.

Basi nikavuta. Kila kitu, kutoka disk ya zamani hadi ile mpya, bila kufungua hata faili moja. Laptop nikaituma Bungoma, disk ya zamani ikabaki kwa droo yangu.

Kumbe huyu alimaanisha futa. Futa kabisa.

Hiyo ndiyo sababu juzi saa tano mchana aliingia na ile laptop kwapani, akafunga mlango na komeo, akachukua nyundo yangu.

"Umetumia nani mwingine hiyo video?"

"Video gani?"

"Usinichezee! Ile nampiga Kimeli."



Kimeli ni soja wa duka lake, mlinzi wa usiku. Tulichokuwa tumeambiwa ni kwamba wezi walimvunja kichwa na chuma. Wiki tatu amelala hospitali Lugulu, hawezi kuongea. Wangila mwenyewe alisimama kanisani akalia, akaomba watu wamwombee.

Mimi sikuwa nimeona hiyo video. Yeye ndiye ameniambia na mdomo wake.

"Nilimpata amelala kazini," akasema. Ati hiyo ndiyo sababu.

Kisha akauliza, "Disk ya samani iko wapi?"

Nilinyamaza. Nilijua nikiitoa, Kimeli hana shahidi tena.

Akagonga kidole cha pili.

Nikamwonyesha droo... Msinihukumu, tafadhali. Ungekuwa wewe ungeonyesha hata kabla ya kuulizwa.

Aliipiga ile disk mpaka ikawa vipande. Akageukia laptop, ile ile nilimchagulia, akaipasua na SSD yake ndani. Halafu akanishika nywele, akagongesha uso wangu mezani.

"Sasa imefutika," akasema, akatoka.

Nilikaa chini nikalia. Vidole viliuma, lakini nilikuwa namlilia Kimeli.

Saa nane simu ikalia. Nakhungu.

"Dada, uko mzima?"

"Bwanako amenivunja vidole."



"Niko kituo cha polisi," akasema. "Ile video nilikuwa nimeinakili kwa flash. Wameiona. Wamemshika akishuka kwa gari."

Weeh! Nilitaka kupiga kigelegele na mdomo umevimba. Halafu kitu kikanisumbua.

"Nakhungu, alijuaje mimi niko na nakala?"

Nikasikia akipenga kamasi.

"Nakhungu."

"Ni mimi nilimwambia..."

"Ulisema nini?"

"Alinipata naangalia. Akaniwekea panga shingoni. Nikamwambia ni wewe umeniwekea hiyo video makusudi, na nakala ingine iko kwako. Flash nilikuwa nimeficha kwa sidiria. Nilijua akienda Kitale na kurudi, nitapata masaa matatu."

Nilikata simu.

Hayo masaa matatu yalikuwa vidole vyangu, jamani. Yeye anatembea kwenda polisi, mimi nagongwa.

Jana alikuja na kuku na maziwa. Shingoni ana alama ya lile panga. Nikamzaba kofi moja na mkono mzima.

"Piga tena," akasema.

Sikupiga. Akachemsha maji akaniosha nywele, maana mkono mmoja hauwezi. Akaniambia Kimeli ameanza kuongea, polepole. Tulilia sisi wawili kama wajinga.

Wasomaji wangu, funzo ni hili. Ukitaka kumrusha mtu mbele yako akule kipigo chako, mpigie simu kwanza. Muulize.

Nakhungu angeniuliza, ningemwambia, "Mlete. Nipe tu nafasi niite majirani."

Ningekubali kabisa. Hiyo ndiyo inaniuma kushinda vidole.