Nani Atasimama Ukutani?

Jua lilikuwa karibu kuzama nyuma ya mlima siku Donka alipoletewa choo cha mafundi.

Lori lilishusha vitu viwili uani. Kwanza kontena la chuma la kutupia kifusi. Kisha kibanda cha plastiki cha rangi ya buluu, chembamba na kirefu kama kabati. Dereva alimweleza upesi upesi, maana barabara za milima ya Rodopi si za kuchezea gizani. Kontenani waweke matofali, udongo na mbao, wasitupe mabaki ya chakula. Likijaa apige simu, watakuja kulichukua. Choo kitanyonywa kila Ijumaa, kwa hiyo kikae upande huu, pembeni ya ukuta wa stoo, bomba liweze kufika.

"Na hapa kwenye kitasa kuna kidirisha," dereva akasema. "Kikiwa kijani, hamna mtu. Kikiwa chekundu, mama, subiri zamu yako."

Donka akacheka. "Zamu! Naishi peke yangu, mwanangu. Nitamsubiri nani?"

Lori likaondoka. Mlio wake ulififia konani, kijiji kikarudi kimya kama maji yanavyotulia mtungini.

Donka alikuwa na miaka sitini na tisa. Kwa miaka thelathini alikuwa tarishi wa kijiji hiki, alilijua kila lango na kila mbwa. Siku hizi malango yalikuwa na matangazo ya vifo tu, karatasi zenye picha, zilizopauka kwa mvua. Lake pia lilikuwa nalo moja, la mumewe. Usiku wa baridi, moshi ulitoka kwenye mabomba manne tu ya kijiji kizima.

Mwanawe Rumen alikuwa Uhispania. Hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miaka sita. Majira ya kuchipua alimwambia kwa simu, "Mama, Alba ana miaka mitano. Siwezi kumpeleka mtoto chooni nje na tochi, katikati ya nyoka. Jenga bafu ndani, Agosti tunakuja."

Ndiyo maana Donka alimwita fundi Mincho. Stoo ya kale ingevunjwa ukuta, isogezwe hatua tatu uani, iwe bafu. Zilibaki wiki saba kufika Agosti.

Siku ya pili nyundo zilianza kulia. Mincho alikuja na msaidizi wake Yumer, mtu mzima mwenye mdomo usiopumzika. Kufikia mchana, ukuta wa stoo ulikuwa chini, na Yumer alikuwa amenyamaza.

"Shangazi Donka," Mincho akaita, kwa heshima ya umri. "Njoo uone."

Kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, ndani ya chokaa, wima, kulikuwa na utete mrefu kama mtu. Ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu kutoka juu hadi chini.

Mincho alivua kofia. "Huu urudishwe ukutani. Leo hii."

"Ni nini?"

"Ni kivuli cha mtu. Waashi wa zamani walimvizia mpita njia jua likiwa chini, wakapima kivuli chake kwa utete na uzi, wakakizika kwenye ukuta. Nyumba inasimama. Mwenye kivuli... siku arobaini hazimpiti, anakufa."

"Halafu?"

"Halafu naye anasimama. Humo humo. Anaishikilia nyumba."

Yumer alitema mate juu ya bega lake mara tatu, kufukuza mkosi.

Donka alizitazama nyuso zao, akaona siku zinapotea. "Fundi, mimi nina mjukuu anakuja Agosti, na wewe unanisimulia ngano za kuwatishia watoto." Akaushika utete. Ulikuwa mwepesi, tena wa baridi kuliko mawe. Akauvunja gotini vipande viwili, akautupa kontenani juu ya kifusi.

Siku iliyofuata kontena lilijaa. Lori likaja, likalibeba, likaacha jingine tupu. Utete ulikwenda jalalani na uchafu mwingine wote.

Jioni hiyo mafundi walipoondoka, Donka alitoka kuanua nguo. Alipopita karibu na kibanda alisimama.

Kidirisha kilikuwa chekundu.

"Yumer?"

Baiskeli ya Yumer haikuwepo. Lango lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Akakaribia. Alitarajia harufu ya dawa ya choo. Akanusa chokaa mbichi... na udongo wa mahali pasipowahi kuona jua.

"Kuna mtu?"

Ndani, mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, cha kifua kilichojaa vumbi.

Donka aliingia ndani akafunga milango yote. Asubuhi kidirisha kilikuwa kijani. Ila ukuta mpya, ambao mafundi walikuwa wameupandisha hadi kiunoni, ulikuwa umelala chini, tofali juu ya tofali.

"Mchanga wenu mbaya," Donka akasema.

"Mchanga ni ule ule, shangazi," Mincho akajibu.

Wakaujenga upya. Ukaanguka upya. Mara ya tatu Mincho alimchinja jogoo msingini, bila kuomba ruhusa, na Donka hakumkataza. Ukaanguka na jogoo wake.

Kufikia hapo mafundi hawakukitumia tena kile choo. Walikwenda nyuma ya vichaka vya jirani.

"Mnanitia aibu," Donka akawaambia. "Nimekodi choo kizima, nyinyi mnajificha vichakani kama mbuzi!"

"Shangazi, mbuzi ana akili," Yumer akasema. "Kibanda chako kinakohoa. Juzi nilibisha hodi, nikajibiwa."

"Ulijibiwa nini?"

Yumer aliokota koleo, akageuka. Alikuwa hacheki.

Ijumaa jioni Mincho alianza kukusanya zana. Hakumtazama usoni. "Jumatatu tutakuja kuchukua mashine ya zege. Utusamehe. Ukuta huu hautasimama mpaka mtu asimame."

Walipokwenda, simu ililia. Alikuwa Rumen. "Mama, vipi bafu? Nikate tiketi, au tuahirishe mpaka mwakani?"

"Kata," Donka akasema. "Linaendelea vizuri."

Mwakani. Alikaa mezani na bakuli la supu ya maharage, kijiko kikamshinda kuinua. Miaka sita ya mwakani. Alitazama kiti cha pili, cha tatu, cha nne. Kisha akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Alichota supu bakuli la pili, akakata mkate, akatoka nao uani.

Kidirisha kilikuwa chekundu.

Akaliweka bakuli mlangoni, akaketi kwenye tofali lililopinduliwa.

"Kula. Imepoa kidogo."

Kisha sauti ikatoka, nyembamba kama upepo wa ufa.

"Nimekaa."

"Umekaa?"

"Miaka yote nimesimama. Hapa... kuna pa kukaa."

Donka hakuondoka. Msomaji, usimshangae. Mtu aliyekosa wa kuongea naye kwa siku nyingi hachagui sauti.

"Ulikuwa nani?" akanong'ona.

"Nilikuwa napita. Niliomba maji."

"Wakakupa?"

"Walinipa. Nikasimama kunywa. Jua lilikuwa mgongoni."

Donka alilifahamu lile jua. Lilikuwa mgongoni mwake sasa hivi. Kivuli chake kilikuwa kimelala uani, kirefu, kichwa kikigusa msingi wa ukuta ulioanguka, hatua moja tu kutoka mlango wa kibanda.

"Ukuta hausimami," akasema.

"Sirudi."

"Nina mjukuu. Sijawahi kumshika."

Halafu, polepole, bila ukali wowote:

"Nani atasimama?"

Mfukoni mwa aproni Donka alikuwa na uzi wa Mincho wa kupimia, aliouokota kwenye vifusi. Aliutoa. Akakanyaga ncha moja kwa kisigino. Akainama kupeleka ncha ya pili hadi mwisho wa kivuli, na kivuli nacho kikainama. Akainuka, kikainuka. Akajaribu tena. Mtu hawezi kupima kivuli chake mwenyewe. Lazima awepo wa pili.

Karibu aangue kicheko. Hata kwa jambo hili alihitaji mtu, na mtu hakuwepo.

Akasimama wima, akaurusha uzi mbele.

Kitasa kikalia. *Ta.*

Kijani.

Mlango wa kibanda ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Hakuona mkono. Aliona uzi ukiinuka kutoka ardhini, ukinyooka...

Ukakaza.

Mtu aliushika upande wa pili, kwa upole, kama unavyoshika kamba ili mtoto aruke. Baridi ilipanda kutoka kisiginoni mwa Donka hadi utosini. Kisha uzi ukalegea. Mwisho wake ulikuwa na fundo, pale pale kilipoishia kichwa cha kivuli.

Bakuli la supu lilikuwa tupu.

Donka alikata uzi kwa meno. Akaupachika kati ya matofali ya msingi, akaufunika kwa konzi ya udongo wa kujengea. Mikono haikumtetemeka. Jambo hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Jumatatu Mincho alikuta matofali ya msingi yameshikana kama mwamba. Aliyagonga kwa nyundo, akamtazama mama mwenye nyumba kwa muda mrefu.

"Umefanya nini, shangazi?"

"Nimewapikia chai. Jengeni."

Wakajenga. Ukuta ulipanda, ukasimama. Vigae vikaja, mabomba yakaja, na kwenye mlango Mincho akafunga kitasa chenye kidirisha, kijani na chekundu, ili mtoto afurahi. Lori likaja kuchukua kontena la mwisho na kibanda. Dereva alichungulia ndani.

"Mmekitunza! Kisafi kama hakijatumika. Vumbi la chokaa tu kwenye kiti."

Donka alikitazama mpaka lori likapotea konani. Alitaka kupunga mkono, akaona haya.

Agosti, Jumapili, gari lilipiga honi langoni. Ilikuwa siku ya thelathini na saba tangu uzi. Donka alikuwa amekonda, na alikuwa amepata kikohozi, kikavu, cha vumbi. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku ile alipona. Alba alimrukia shingoni. Pilar, mke wa Rumen, alimbusu mashavu yote mawili. Viti vinne vikajaa.

"Mama, bafu zuri kuliko letu," Rumen akasema mezani, mdomo umejaa mkate wa jibini. "Huyu fundi wako, ukuta hata haupigi mwangwi." Kisha akaweka kijiko chini. "Sasa nikwambie ukweli. Hatukuja kutembea tu. Tumekuja kukuchukua. Chumba chako tayari, Alba amekipaka rangi. Uzee huu, peke yako mlimani, mpaka lini? Tiketi yako hii hapa. Jumapili ijayo."

Jumapili ijayo. Donka alihesabu kwa vidole chini ya meza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya arobaini na nne; Mincho alisema arobaini.

"Mama? Unalia?"

"Ni furaha, mwanangu," akasema. Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililouma.

Alba alishuka kitini, akakimbia ukumbini. Punde akarudi, amebana magoti.

"Bafuni kuna mtu. Pamekuwa pekundu."

"Kitasa kimekwama," Rumen akasema. "Wote tuko hapa. Bibi yako huyu, mama yako huyu."

"Nilibisha," mtoto akasema. Akamgeukia Donka, akimtazama kwa mashaka kidogo. "Bibi amesema nisubiri."

Hakuna aliyecheka. Kutoka ukumbini ikaja harufu ya chokaa mbichi. Kisha, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu akakohoa mara mbili, kikavu.

Donka alijishika kifua. Hakuwa amekohoa.