Maswali ya Benedicto

"Futa hiyo meseji, Benedicto."

"Mbona unaongea kama nimekutukana?"

"Umenitumia maswali ya usaili."

"Nimekutumia zawadi. Si wewe unayelalamika kila siku kwamba wanafunzi wako wanaingia kwenye usaili wakitetemeka?"

Irine alikata simu. Alikuwa amesimama nyuma ya jengo la utawala la chuo kimoja cha kilimo wilayani Biharamulo, ambako kazi yake ilikuwa kuwaandaa wanaomaliza masomo: kuandika wasifu, kuketi mbele ya jopo, kujibu bila kuangalia sakafu. Benedicto alikuwa mchumba wake. Alikuwa afisa utumishi wa kampuni ya kahawa kule Ngara, na ndiye aliyetunga maswali ya nafasi moja ya bwana shamba iliyotangazwa. Mahari ilikuwa imeshapokelewa, na Jumapili iliyopita padri alikuwa ametangaza ndoa yao kanisani kwa mara ya kwanza.

Ofisini alimkuta Akimana, mmoja wa wanafunzi walioitwa kwenye usaili huo, akimsubiri. Binti huyu alitoka Kaniha, wazazi wake wakulima waliokuja kutoka Burundi. Darasani alikuwa hodari, ila akiogopa, l zote zinageuka r. Asubuhi hiyo alikuwa ameuliza kama jopo litamcheka akisema "kirimo". Irine alimjibu kwamba mibuni haiulizi matamshi.

Sasa simu ilikuwa mezani kati yao. Irine alishayasoma maswali yote kabla hajajua ni nini. Angeuliza moja tu, kama kwa bahati, na Akimana angepata kazi. Ulimi ulimwasha. Akajizuia, akamuuliza swali la kwake mwenyewe.

Jioni Benedicto alipiga tena, sauti imelainika.

"Matiasi ameshakupigia?"

"Mdogo wako? Anipigie ya nini?"

"Nimemwambia aje kesho umfanyie mazoezi, umpitishe kwenye yale maswali. Nikimpa mimi watu watajua yametoka kwangu. Wewe ni mwalimu, unafundisha tu."

Irine aliketi taratibu kitandani. Kumbe zawadi haikuwa ya wanafunzi wake.

"Kwa hiyo ikigundulika, aliyevujisha ni mimi."

"Haitagundulika."

"Sijakuuliza kama itagundulika."

Benedicto akaanza kujieleza. Matiasi alikuwa amekaa nyumbani Kibimba tangu amalize chuo, analima shamba la mama huku cheti kiko sandukuni. Mama yao kila siku anauliza cheo cha Benedicto kina faida gani kama mdogo wake hana kazi.

"Mwambie meneja wako maswali yabadilishwe," Irine alisema. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Nitafukuzwa. Na sisi je? Tumeshatangazwa kanisani."

"Ndiyo maana nakuachia uanze wewe."

Kesho yake Matiasi alifika, shati limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama. Alimwita Irine shemeji kwa heshima. Irine akamchunguza kwa maswali ya pembeni na kuona wazi kwamba kijana hajui lolote. Kaka yake alimwambia tu aende, kuna mtu anafundisha vizuri. Irine alimketisha pamoja na Akimana na kuwafundisha sawasawa.

Hawajamaliza, simu ikaita. Alikuwa Mama Melania, mama yake Benedicto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Benedicto hali chakula tangu jana. Ameniambia. Mwanamke anayeanika siri za nyumba kabla hajaingia ndani, tutaishi naye vipi?"

"Mama, mnataka niingie na siri hiyo kichwani?"

Mama Melania alikata simu.

Benedicto naye hakupiga tena wala hakujibu meseji. Irine alimwomba padri asitishe tangazo la pili. Alhamisi, siku ya usaili, alipanda gari la chuo pamoja na wanafunzi hadi Ngara. Njia nzima Akimana alirudia majibu yake kimoyomoyo. Irine alirudia maneno atakayomwambia meneja.

Walimkuta Benedicto barazani, peke yake. Aliwasalimia wanafunzi, akawaelekeza ndani, kisha akamgeukia Irine. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimeshamwambia meneja. Wameandika maswali mengine. Mimi nimeondolewa kwenye jopo. Kuhusu kazi, nitajibiwa."

"Na mimi umenitaja?"

"Nimesema nilikutumia, ukakataa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ungemwambia kweli?"

"Ningemwambia. Halafu ningelia hadi Biharamulo."

"Nilikuchagua wewe ubebe kosa langu kwa sababu najua unanipenda. Hilo ndilo linanichoma kuliko kazi. Nisamehe, Irine."

Irine alitaka kumshika mkono. Hakumshika. Alimwambia ampe muda, akaenda kukaa na wanafunzi wake.

Akimana alipata nafasi ile. Alisema "kirimo" mbele ya jopo, mmoja akatabasamu, naye akaendelea kueleza ugonjwa wa majani ya mibuni kana kwamba hakuona. Matiasi alikosa. Benedicto alimweleza ukweli mwenyewe, na kijana akakasirika sana: kumbe kaka alimwona hawezi kushindana? Lakini akaendelea kuja kwa Irine kufanya mazoezi.

Benedicto hakufukuzwa. Alishushwa cheo, akapelekwa ghalani kupokea kahawa msimu mzima. Kila Jumapili alivuka hadi Biharamulo, nguo zikinuka magunia, hakuomba kitu, akakaa tu na kuongea. Taratibu Irine akaanza kumsubiri.

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Mama Melania, aliyekuwa hajamsemesha bibi harusi miezi yote hiyo, alimfuata mezani kabla ya keki kukatwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaangalia pembeni, akatengeneza kitenge begani. "Matiasi ameitwa usaili mwingine, Geita. Sijui utakuwa na nafasi?"

"Aje Jumatatu, mama. Nitakuwa ofisini."