Shemeji Aliahidi Kazi ya Binti Yangu, Nikaweka Karakana Rehani

Ndugu wasomaji, nina miaka sitini na sita. Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Milango na madirisha ya chuma ya nyumba nyingi hapa Kabeza, Kigali, nimeyachomelea kwa mikono hii. Kiwanja cha karakana nilikinunua mwenyewe, sikurithi hata msumari! Leo, uzeeni, nimekuwa kibarua katika karakana hiyohiyo...

Binti yangu Zaina alipomaliza sekondari alipata nafasi chuo kikuu cha binafsi, kusoma sosholojia. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilidhani ni ugonjwa. Nikauliza: mtu akishasoma hiyo anafanya kazi gani? Nani anamlipa?

Aliyenijibu ni Idrisa, kaka wa mke wangu, bwana mkubwa wa shirika la misaada, mkazi wa Kibagabaga. Siku tuliyomfanyia Zaina karamu ya kumpongeza, alisimama akarekebisha tai.

"Shemeji, wewe lipa ada tu! Siku Zaina anavaa joho, kiti chake ofisini kwangu kiko tayari. Nimempa, mbele yenu wote!"

Watu walipiga makofi mpaka mabati yakalia.

Sasa nielezeni, ningefanyaje? Kwetu Rwanda mtu akikupa ng'ombe mbele ya watu, ng'ombe huyo ni wako hata kama bado amefungwa zizini kwake. Unakwenda nyumbani kwake na vinywaji, unamshukuru, na neno limefungwa. Mimi nikaichukua kazi ile kama ng'ombe! Wiki ileile nilimpelekea Idrisa kreti za fanta na beberu mnene.

Mke wangu alinionya. Alisema, "Baba Zaina, mimi nimelala kitanda kimoja na Idrisa utotoni. Mdomo wake naujua." Nikamwambia anamwonea wivu kaka yake.

Nikaenda benki. Afisa wa mikopo aliuliza nitarudisha vipi. Nikamjibu kwa kiburi kwamba kazi ya binti ipo, mjomba wake ameshatoa neno. Nikaacha hati ya kiwanja mezani pake.

Miaka ya kwanza nililipa kutokana na milango. Halafu watu wakahamia kwenye aluminiamu, wateja wakapungua. Sikuogopa. Nilisema, Zaina akimaliza, mshahara wake utabeba mzigo.

Zaina akavaa joho... Nilimsindikiza mwenyewe ofisini kwa mjomba wake. Tulikaa nje juani hadi mchana ndipo akatoka, simu sikioni. Alisema nafasi za kazi siku hizi zinatangazwa, watu wanashindana, Zaina aombe kama wenzake. Nikamkumbusha neno lake.

"Aa, mzee wangu! Yale yalikuwa maneno ya sherehe."

Maneno ya sherehe! Na beberu wangu je, alikuwa wa sherehe?

Zaina aliomba, akakosa. Kila ofisi ilimuuliza ana uzoefu gani. Mwishowe akapata kibarua cha kupita nyumba kwa nyumba na tableti, akiwauliza watu wanakula nini na wanalala wangapi chumbani. Utafiti ukiisha, anakaa nyumbani mpaka wamwite tena. Hata mwezi mzuri, alichopata hakikufika nusu ya rejesho la benki. Fundi wangu wa rangi alimzidi!

Nilipokwama nilirudi kwa Idrisa. Unajua alinijibu nini? "Nani alikutuma kukopa pesa zote hizo, shemeji? Hukupiga hesabu?" Mke wangu ndiye aliyenivuta mkono nikatoka. La sivyo, leo ningekuwa nawaandikia kutoka gerezani!

Benki ikaiuza karakana, na aliyeinunua ndiye bosi wangu leo. Siku ya kuhamisha vyombo vyangu, hasira zilinipanda, nikamfokea Zaina kwamba ni mvivu, kwamba wenzake wameajiriwa. Akaweka chini kisanduku cha nyundo.

"Baba, usinimalizie hasira za mjomba. Mlipokuwa mnapeana kazi yangu, mimi nilikuwa jikoni nakaanga sambusa. Nani aliniita? Mimi nilitaka uhasibu. Waliotutangulia kusoma sosholojia nilikuwa nimewauliza, wengi walikuwa bado nyumbani. Nilipotaka kukwambia, ulikuwa umeshapeleka shukrani Kibagabaga. Ningekuaibishaje?"

Nilikasirika. Mpaka leo nina hasira, na Idrisa simpi salamu hata msikitini. Lakini siku ile nilikiokota kisanduku cha nyundo, nikakibeba mwenyewe.

Wazazi wenzangu, sisemi elimu ile ni mbaya. Zaina anawajua watu kuliko mimi. Nasema kabla hujakopa, mwite mtoto mwenyewe umsikilize. Watafute waliomaliza masomo hayo juzi, si wajomba wenye tai! Waulize wanapokea nini kwa mwezi, kisha weka jibu lao pembeni ya rejesho la benki. Rejesho likizidi, ondoka!

Na akitokea ndugu wa kukuahidi kazi kwa sauti kubwa, mwambie taratibu: vizuri sana, kesho twende wote benki, na wewe uweke hati ya nyumba yako. Mtamwona anavyotafuta viatu vyake mlangoni!