Mifupa ya Stamatis

Mchana, kijiji kizima kikiwa kimefunga madirisha na kulala, Evanthia alisikia tena kitu kikitafunwa chini ya kitanda chake, kama mtu mwenye meno mazuri anayekula mkate mkavu. Palinuka divai pia, na nyumba ile haikuwa na mnywaji tangu mumewe Stamatis afariki.

"Panya hao," alisema Kaliroi, dada wa marehemu, aliyehamia pale kumtunza. "Kunywa maziwa, wifi. Mifupa inataka maziwa."

Alikunywa, akala dagaa, akaota jua. Hata hivyo mkono ulivunjika akikamua kitambaa cha vyombo, na kila alipopimwa hospitalini, mifupa ilikuwa imepungua tena.

"Mwaka mmoja umekula mifupa ya miaka kumi, mama," daktari alimwambia. "Sielewi inakwenda wapi."

Stamatis alikuwa ameshafukuliwa, kama wafu wote wa pale wanavyofukuliwa miaka ikitimia, mifupa ioshwe kwa divai na kuhifadhiwa kanisani. Evanthia hakuwa na moyo wa kuiona. Kaliroi alikwenda peke yake, akarudi akisema ameshamfikisha kanisani.

Sasa, chini ya kitanda, utafunaji ulikoma ghafla, na kimya chake kilimtisha Evanthia kuliko sauti, akashuka kitandani, akapiga magoti huku viungo vikimlalamikia, akaingiza mkono gizani hadi ukagusa ubao, akavuta, likatoka sanduku lenye jina la mumewe, na ndani hamkuwa na mfupa hata mmoja, ila kitambaa kilicholowa divai, bado kina joto.

Kaliroi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulisema umempeleka kanisani," Evanthia alinong'ona.

"Nimwache mule na wageni? Alinililia, wifi. Alitaka kusimama tena, na mifupa yake ilikuwa imeoza."

"Ukampa yangu? Miaka yote nakuita dada!"

"Wewe umeolewa tu hapa. Yeye ni damu yangu."

Kilichomuuma Evanthia kuliko hofu ni yale maziwa. Kumbe alikuwa akinoneshwa kama kuku wa sikukuu, na kila jioni alisema asante.

Alijaribu kuinuka akimbie. Nyonga ikalia ko! akaanguka chali, akapiga yowe.

Kaliroi hakumgusa. Aligeukia jikoni, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Stamatis! Njoo umnyanyue mkeo."

Jikoni, kiti kikasogezwa nyuma.