Sweta Chini ya Shavu la Ngabo

Jumapili, tarehe 10 Oktoba 1999, saa tano na dakika ishirini asubuhi, Rutagengwa alirudi kutoka misani Nyakiriba, nje kidogo ya Gisenyi, akamkuta Ngabo amesimama zizini, kichwa chini, miguu ya nyuma ina damu. Farasi wake dume alikuwa amehasiwa.

Alasiri ile Ngabo angepandishwa kwa jike. Rutagengwa, aliyerudi nchini kutoka Uganda, alizalisha farasi wa mashindano ya siku tatu: utii, mbio za nyika, kuruka vizuizi. Kati ya madume yote, Ngabo ndiye aliyemchagua.

Mpelelezi Kampire alifika saa saba. Kidonda kilikatwa kwa ustadi, kikaoshwa kwa maji ya chumvi. Shavuni pa farasi palikuwa na nyuzi nyekundu za sufu. Kila alipovuta pumzi, koo lilikwaruza kama msumeno.

"Yuko hivi siku zote?"

"Mafua tu," alisema Rutagengwa. "Mkamate jirani yangu Juvénal. Alitaka nichague dume lake."

Juvénal alipoulizwa alicheka bila furaha. "Afande, mi nilisoma somo la kwanza kanisani. Uliza padri. Halafu ule Ngabo anauma. Mi angenimeza muzima."

Akabaki Igor, daktari wa mifugo. Dawa yake ya usingizi ilitoweka kwenye sanduku aliloliacha zizini. Igor alitoa karatasi ya mpakani: alivuka kwenda Goma Jumamosi saa kumi jioni, akarudi leo saa sita.

"Bon," alisema, akitazama zile nyuzi. "Dawa ikishika, farasi anaanguka kama gunia. Mwenye kumupenda anamuwekea nguo chini ya shavu, jicho lisiumie."

Kampire aligeuka. Mtunza farasi, Sebagabo, aliyedai alisimama nyuma kanisani, alikuwa na ndoo mkononi, akitetemeka manyunyuni kwa shati jembamba.

"Mzee, sweta yako iko wapi?"

"Nimefua."

Rutagengwa alimkazia macho. "Ile nyekundu ya Mahoro? Hujaivua tangu Juni."

Mahoro alikuwa binti wa Sebagabo. Juni, mashindanoni Kampala, farasi wake, mwana wa Ngabo, aliishiwa pumzi mbele ya gogo la mwisho, akamwangukia na kumuua.

Sebagabo aliweka ndoo chini.

"Sweta iko nyuma ya zizi, mu majani. Iko na damu. Ile pumzi mbaya inatoka kwa baba, inaenda kwa watoto. Nilikuambia mara tatu, patron."

"Alikuambia?" aliuliza Kampire.

"Hakuna dume linaloruka kama Ngabo," Rutagengwa alijibu kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimekwisha chagua."

"Na ule mutoto wa Ngabo, nani angemupanda? Liliane, binti yako. Mi sikutaka na we ubaki na sweta."

Sebagabo aliomba aoshe kidonda mara moja zaidi kabla ya kuondoka. Kampire akamngoja.

Walipokwenda, Rutagengwa aliweka sikio kwenye shingo ya Ngabo, akasikiliza ule msumeno.