Ijumaa Kuu Hakuitika

Luthuli Avenue Jumamosi hiyo ilikuwa imefurika watu. Ndani ya kibanda cha viatu vya watoto, Ivyne, msichana wa miaka minne, alikataa katakata kuvua kiatu chekundu ambacho mamake hakuwa amekilipia.

"Vua, twende."

"Sitaki!"

"Madam, muache tu," alisema muuzaji, kijana mrefu aliyevaa aproni ya jinzi. "Hicho kiatu kimeshamchagua."

"Na wewe mbona unaniangalia mimi badala ya mguu wa mteja?"

Muuzaji huyo, Mungai, alicheka mpaka jirani wa kibanda akachungulia. Nakhumicha, mamake Ivyne, kitambaa cha manjano kichwani na sare ya saluni ya Kilimani bado mwilini, akajikuta anacheka pia. Waliondoka na viatu, na nambari ya Mungai.

Zikafuata simu.

"Nakhu wangu, umekula?"

"Kuku. Na wewe?"

"Sukuma, mboga tu. Ni Kwaresima, usinitie majaribuni."

"Haya, mtakatifu. Lala salama."

Nakhumicha alikuwa na hofu moja, na alimwambia wazi. Babake Ivyne alimpenda chumbani, lakini mbele ya watu wake alijifanya hamjui, yeye na mtoto.

"Mimi sina la kuficha," Mungai alisema. "Njooni kwetu Riruta Ijumaa Kuu. Kanisa letu linaigiza mateso ya Yesu. Mtaniona, na mama atawaona."

Walienda. Msafara wa Njia ya Msalaba uliijaza barabara ya Naivasha, waumini wakiimba polepole kwenye jua. Katikati, chini ya msalaba wa mbao, alikuwa Mungai, miguu mitupu, kanzu nyeupe imepakwa rangi nyekundu mgongoni.

"Anko Mungai!" Ivyne alipaza sauti. "Anko, ni sisi!"

Mungai aliinua macho, akawaona, akayashusha. Akapita. Mamake, aliyefuata na rozari mkononi, aliwatazama kutoka kichwani hadi miguuni, naye akapita.

"Mami, amenisahau?"

Nakhumicha alimbeba mtoto wakaondoka. Jioni alimpigia Mungai simu. Ilikuwa imezimwa.

Mungai alipiga Jumamosi asubuhi.

"Nakhu, jana mlienda wapi? Nimewatafuta!"

"Ulituona?"

"Niliwaona."

"Basi hapo ndipo pabaya. Kama hukutuona ningekusamehe."

"Lakini anayebeba msalaba haongei na mtu! Kutoka Alhamisi anazima simu, hata mama hanisemeshi. Ni desturi ya parokia yetu. Nilidhani kila Mkristo anajua."

"Sisi ni wa kanisa la Friends la Kileleshwa, Mungai. Kwetu hatubebi msalaba barabarani. Na Ivyne ana miaka minne. Amelala akiniuliza amekukosea nini."

"Nisamehe, mpenzi. Nawaomba nyote wawili."

"Ulininyamazia mbele ya watu. Hii samahani ya simu nani anaisikia?" Akakata.

Jumapili ya Pasaka ilikuta Friends wamekodi ukumbi wa shule moja Kileleshwa. Akina mama walivaa nyeupe, ngoma ililia, na kila aliyepokea mkono aliambiwa, "Amefufuka!" Nakhumicha aliimba kwa sababu wengine waliimba.

Kisha katibu, mzee Zedekiah, akafika kwenye sehemu yake ya kila wiki, kukaribisha wageni. "Wageni wasimame, watuambie wametoka wapi."

Kiti cha nyuma kilikwaruza sakafu. Nakhumicha aligeuka. Mungai alikuwa amesimama na koti la bluu, bega moja limelala kwa uchovu wa msalaba.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Naitwa Mungai, natoka Riruta, mimi ni Mkatoliki." Akamtafuta Ivyne kwa macho. "Juzi mtoto mmoja aliniita barabarani, watu wote wakisikia, nisiitike. Nimekuja kumwitikia. Ivyne, naam."

Ivyne akapanda juu ya benchi. "Anko, umeacha msalaba wapi?"

Kicheko kilizunguka ukumbi mzima, wazee kwa vijana. Mzee Zedekiah alisubiri kitulie.

"Karibu sana, kijana. Na wewe ni mgeni wa nani?"

Hilo halikuwa la Mungai kujibu. Vichwa vilitafuta huku na huku, kisha Nakhumicha akasimama, akanyoosha sketi yake nyeupe.

"Ni wetu," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Mungai, njoo ukae huku mbele. Chai ni baada ya sadaka."